Upenyo wa Qu Suqin

Katika kijiji cha Qugou, mkoani Shandong, watu wakigombana hawakimbilii polisi. Polisi wako mbali, na isitoshe polisi hawajui nani alimtukana bibi ya nani miaka thelathini iliyopita. Watu huenda kwa Shangazi Suqin.

Qu Suqin alikuwa na miaka sitini na mitatu, mjane, mfupi, miguu imeanza kupinda ila macho hayajapinda hata kidogo. Yeye ndiye aliyekuwa msuluhishi wa kijiji. Alikuwa na meza yake katika ofisi ya kijiji, kikombe chake cha chai chenye mfuniko, na daftari moja kuukuu ambalo hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuligusa. Marehemu baba yake, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amenakili humo, kwa brashi na wino, maandiko ya kale ya vita, yale ambayo kila mtu wa mkoa ule hudai yaliandikwa na babu yake mzaa babu. Aliyanakili nyuma ya karatasi za kalenda, akazishona kwa uzi wa viatu. Siku hizi wanaume wa mjini huyasoma maandiko hayo ili wauze magari mengi kuliko wenzao. Mwaka mmoja alikuja mhadhiri mwenye tai katika hoteli ya wilaya, akapiga kelele saa tatu nzima kwamba soko ni uwanja wa vita, na wasikilizaji wakaandika mpaka vidole vikauma. Suqin alikaa nyuma akimenya mbegu za alizeti. Alipoulizwa ameonaje, alijibu, "Huyo hajawahi kukaa kati ya mawifi wawili na jiko moja."

Yeye alikuwa na imani yake. Alisema mtu anayependa vita hakai chini akaandika, huenda akapigana. Walioandika ni watu waliokwisha kuona maiti mpaka wakakinai, wakaanza kutafuta jinsi ya kumaliza ugomvi kabla haujammaliza mtu. Na katika mafunzo yao yote alilipenda moja kuliko mengine: ukimzunguka mwenzako pande zote, mwachie upenyo. Mwenye pa kutokea atatoka. Asiye na pa kutokea atakung'ata mpaka mfe wote wawili. Kwa fundisho hilo moja alikuwa amezima kesi za mipaka, za talaka, za visima, na moja ya jogoo ambayo ilikuwa imefika kwenye mapanga.

Basi siku hiyo, mwanzoni mwa vuli, alikuwa ameketi katika ua wa Shi Fengying, jirani yake muuza tofu, ile jibini ya maharage. Ugomvi ulikuwa wa paa. Bwana Kang, wa nyumba ya pili, alikuwa amerefusha paa lake, na mvua ikinyesha maji yote yanamwagikia Fengying kwenye vyungu vya tofu. Kosa lilikuwa la Kang, kila mtu alilijua, na Kang mwenyewe alilijua kuliko wote, ndiyo maana alikuwa akifoka.

"Fengying," Suqin alisema taratibu, "hapa hakuna kesi. Wewe unahitaji mfereji wa kuchukua maji. Na hapa Qugou nani anayejua kukunja bati kama Bwana Kang? Hebu muombe."

Fengying akaelewa, maana ulimi wake ulikuwa mkali lakini kichwa hakikuwa butu. "Ni kweli," akasema. "Kaka Kang, nisaidie mwenzio. Mimi mikono yangu inajua maharage tu."

Hapo ndipo wagombanao wengine wote walikuwa wakishuka kutoka kwenye hasira zao. Ngazi imewekwa, mtu anashuka, heshima yake haijachubuka, chai inaletwa. Lakini Kang alikuwa amenywa kidogo mchana ule, na akauona mchezo.

"Ala! Mnanifanya mtoto?" akaruka. "Hizo ni hila za daftari lako, Shangazi! Unamwachia mtu kijimlango atoke, halafu unasema ametoka mwenyewe. Haya, nikuulize. Kila mtu humu unamwachia mlango. Mdogo wako Changgeng ulimwachia upi?"

Fengying akajifanya anatafuta kitu ndani ya chungu.

"Mkuki kwa nguruwe mtamu, eh?" Kang akaongeza, kisha naye akaogopa alichokisema. "Nitaukunja huo mfereji kesho. Nitaukunja, jamani, yaishe." Akatoka akijikwaa kizingitini.

Suqin alifunga daftari lake ndani ya kitambaa, akaamka, akaenda zake bila kunywa chai. Fengying alisimulia baadaye kwamba hiyo ndiyo siku ya kwanza aliyomwona Shangazi Suqin akitembea kama mzee.

Kisa chenyewe kijiji kizima kilikijua. Miaka kumi na mmoja nyuma, siku ya kufagia makaburi, ambayo huja kila mwaka, Suqin alikwenda na ufagio wake na karatasi za kuwachomea marehemu kwenye kaburi la baba yake, ukingoni mwa shamba la ngano. Kaburi halikuwepo. Palikuwa na kokoto zilizoshindiliwa na alama za magurudumu makubwa. Barabara mpya ilikuwa imepita juu. Baba alikuwa amehamishwa wakati wa baridi, akazikwa upya mlimani kwenye miti ya jozi, na aliyetia sahihi, aliyefukua na aliyebeba mifupa ni mdogo wake Changgeng, mtoto wa pekee wa kiume. Yeye binti mkubwa hakuambiwa neno. Wakati ule alikuwa hospitalini wilayani, akimuuguza mumewe aliyekuwa akifa.

Lo, alikasirika mwanamke yule! Wala hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alikwenda nyumbani, akafungua daftari la baba, akaanza vita. Hakumwendea Changgeng kwanza. Alianza kwa wakwe wa Changgeng, akawaonyesha jinsi walivyomwoza binti yao kwa mtu anayefukua wazazi. Akaenda kwa wazee wa ukoo mmoja mmoja, kila mmoja akamwambia neno lililomgusa pale panapomuuma. Akaenda kwa katibu wa kijiji. Changgeng alikuwa fundi umeme wa Qugou, na taratibu watu wakaacha kumwita. Taa ikikatika wanakaa gizani, wanamsubiri fundi wa kijiji cha pili. Mkewe akawa anapigwa vijembe kisimani. Changgeng aliulizwa mara ngapi kwa nini alifanya vile? Mara nyingi. Jibu lake lilikuwa moja tu: "Ilibidi." Suqin alilichukua neno hilo akalitembeza kila nyumba kama ushahidi.

Ilichukua siku arobaini. Siku ya arobaini Changgeng alipiga magoti katika ua wa mbele wa nyumba yao, mbele ya watu wasiopungua sabini, akagusa ardhi kwa paji la uso mara tatu mbele ya picha ya baba, akasema, "Nimekosa." Mvua ya rasharasha ilikuwa ikinyesha. Kesho yake alfajiri alimchukua mkewe na mizigo miwili wakapanda treni kwenda kaskazini, mpaka Heilongjiang, huko ambako Washandong wamekuwa wakikimbilia tangu zama za njaa. Hakurudi, wala hakuandika.

Na Suqin? Suqin alichukua kalamu, na kando ya mistari ya baba akaandika kwa herufi ndogo: Siku arobaini. Nimeshinda, na sikuinua hata sauti. Akatia na tarehe.

Tangu hapo alihamia nyumba ile ya wazazi kumtunza mama. Changgeng alikuwa na kawaida ya kuingia kwa mlango wa nyuma, wa jikoni, na ngazi yake begani. Alipoondoka, mlango ule haukuwa na mtu tena, na Suqin akapanga mitungi ya kabichi ya chumvi mbele yake, saba kwa mstari. Taa ya jikoni ilianza kuzimika na kuwaka mwaka uliofuata. Hakumwita fundi mwingine. Ukimuuliza kwa nini, alisema, "Inanimulikia vizuri tu."

Sasa mama, Bibi Luan, alikuwa na miaka themanini na minane, na alikuwa anakufa. Si ugonjwa, ni umri tu. Alikuwa amelala juu ya kitanda cha matofali chenye joto, mdogo chini ya blanketi, na kila siku aliuliza swali moja.

"Changgeng amekuja?"

"Bado, mama."

Hofu yake kila mwanamke wa kule anaijua. Mtu akifa, kichwani mwa jeneza huwekwa chungu cha udongo cha kuchomea karatasi za marehemu. Siku ya mazishi, mtoto wa kiume hukiinua chungu hicho akakipasua chini, na hapo tu ndipo wabebaji huinua jeneza. Kisipopasuka, jeneza haliondoki. Asiye na mtoto wa kiume hupasuliwa chungu na binamu, naye husemwa vizazi viwili kwamba alizikwa kwa mkono wa kuazima.

Siku ile Suqin aliporudi kutoka kwa Fengying, alimkuta mama yuko macho.

"Changgeng amekuja?"

"Mama, Changgeng alimfukua baba bila kuniambia. Akija, atakuja mwenyewe."

Bibi Luan akasema, "Kaa hapa. Karibu. Sitaki kupaza sauti."

Suqin akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Tangazo la barabara lilikuja ukiwa hospitali," mama akasema. "Siku kumi walitupa. Asiyehamisha maiti yake, mtambo unapita. Mumeo alikuwa amebakiza pumzi za kuhesabu. Nikasema huyu mtoto hataweza makaburi mawili kwa mwezi mmoja. Mimi ndiye niliyemwambia Changgeng atie sahihi. Mimi ndiye niliyechagua pale kwenye miti ya jozi. Alimbeba baba yako mgongoni, amemfunga kwa kitambaa chekundu, na mimi nyuma namfunika kwa mwavuli asipigwe na jua. Nikamwapisha asikuambie mpaka msiba wako upoe."

"Mbona hukusema? Siku zile zote arobaini, mama! Mbona hukusema?"

"Nilikuogopa."

"Uliniogopa mimi?"

"Wewe, mwanangu. Ulikuwa umekusanya dunia nzima. Nilisimama nyuma ya pazia nikakuona unavyomtazama akiwa magotini. Nikasema nikitoka sasa, atanigeukia na mimi. Nikanyamaza. Yeye naye akatimiza kiapo chake. Tumenyamaza wote wawili, yeye kwa adabu, mimi kwa woga." Machozi yalimtoka pembeni yakaingia sikioni. "Mwite. Nataka anipasulie chungu."

Mganga hajigangi, walisema wahenga. Mwanamke aliyejisifu kwamba humjua kila mtu kabla hajafungua mdomo, hakumjua aliyenyonya naye titi moja. Alikwenda jikoni, akasimama chini ya ile taa inayozimika na kuwaka, akalia akiwa ameuma kitambaa ili mama asisikie.

Namba ya simu aliipata kwa Fengying, ambaye alikuwa na binamu kule kaskazini. Alipiga asubuhi iliyofuata. Sauti ya mwanamume ikaitika, imezeeka, lakini aliijua.

"Changgeng, ni mimi. Dada yako."

Akasikia kama mluzi wa birika linalochemka.

"Mama anakuita. Na mimi nimejua kila—"

"Umekosea namba," ile sauti ikasema kwa upole. Simu ikakatwa.

Alipopiga tena haikuita. Akakaa na simu mapajani, akafikiri kama anavyofikiri kazini. Changgeng hakuwa mkaidi. Angekuja vipi? Sabini walimwona akipiga magoti. Akirudi sasa, anarudi kama mkosaji aliyesamehewa na dada yake mwema. Mtu mwenye haki anawezaje kurudi kuchukua msamaha? Yeye Suqin ndiye aliyejenga ukuta huo, tofali juu ya tofali, kwa akili zake zote, na hakuacha hata tundu la panya.

Akaenda ofisini kwa katibu wa kijiji, Bwana Diao.

"Nataka spika," akasema.

Vijiji vya kule vina spika juu ya nguzo, za kutangazia chanjo na mbolea. Diao alimtazama. Alipoelezwa, akashika kichwa.

"Shangazi, wewe! Utajivua nguo mbele ya watu. Nani atakuja tena kusuluhishwa na wewe?"

"Wasije."

"Na mama yako? Utamtaja na yeye?"

"Nimemuuliza. Kasema amebakiwa na siku ngapi za kuona haya."

Diao akawasha mtambo. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, watu wote wako majumbani na chapati zao za mtama na vitunguu majani, na sauti ikatoka juu ya mapaa, ina mkwaruzo.

"Ni mimi Qu Suqin. Miaka kumi na mmoja iliyopita nilimpigisha magoti mdogo wangu Changgeng mbele yenu. Mliokuwepo mnajijua. Nilisema alimfukua baba kwa siri. Alimfukua kwa sababu mtambo ulikuwa unakuja kumsaga, na mama ndiye aliyemwagiza, akamwapisha asiniambie kwa sababu nilikuwa na msiba. Angeweza kujitetea kwa neno moja, angemtaja mama. Hakumtaja. Nilimzungushia kijiji kizima, nikawatumia na nyinyi, na mlinisaidia. Hakuwa na kosa. Mkosaji ni mimi. Nalitangaza hili kwa sababu lile nililitangaza. Nimemaliza."

Halafu akarudia tangu mwanzo, maana matangazo ya spika husomwa mara mbili.

Jioni ile hakuna aliyekuja kumwona ila Fengying, na sahani ya tofu. Fengying alikaa, akasema, "Mimi nilimrushia mkewe kijembe kisimani. Nilikuwa sijui." Wakala. Maneno hayalipi nauli: kila nyumba Qugou ina ndugu kaskazini, na kabla ya siku mbili kila Mqugou aliyeko Heilongjiang alikuwa amekwisha kuambiwa. Lakini simu haikulia.

Siku ya sita baada ya tangazo, adhuhuri, Bibi Luan alifumbua macho na swali lake likabadilika. "Amekula?" aliuliza. Suqin hakujua anaulizwa nani. Akasema, "Amekula, mama." Mama akatikisa kichwa kwa kuridhika, na kabla chai haijapoa alikuwa amekwenda.

Mazishi yalipangwa siku ya tatu. Asubuhi hiyo walirudi na majivu kutoka tanuri la wilaya la kuchomea maiti, yakawekwa ndani ya jeneza jekundu katika ua wa mbele. Suqin alikuwa katika nguo nyeupe za msiba, kamba ya katani kiunoni. Chungu kilikuwa kichwani mwa jeneza, cheusi kwa majivu ya karatasi. Wapiga zumari walipuliza. Ua ulijaa, na lango likajaa, na njia ya kutoka kwenye kituo cha basi ikajaa pia, watu wamesimama kwa ncha za vidole kuangalia kama kuna anayekuja. Tangazo lilikuwa limewafanya wote watamani kuona. Wengi wao walikuwa wale wale sabini.

Mzee wa ukoo akamwita binamu Yushan. "Utapasua wewe. Jeneza lazima liinuke kabla ya saa sita. Hatuwezi kumngoja mtu asiyekuja."

Yushan akakuna shingo. "Mimi sitaki laana, babu."

"Laana gani? Fanya kazi."

Fengying akajipenyeza kwenye umati mpaka kwa Suqin, anahema. "Yuko," akanong'ona. "Nimemwona kwa macho yangu. Mtu mwenye mkoba mweusi, kashuka basi kule darajani. Kaangalia huku. Kavuta sigara mbili. Halafu kaingia nyuma ya tanuri la matofali, hatoki."

Suqin akatazama langoni. Akaona migongo, mabega, shingo zilizorefushwa, ukuta mzima wa watu kutoka njiani mpaka penye jeneza. Ili mdogo wake amfikie mama, ilimpasa apite katikati ya macho yaleyale, katika ua uleule, mpaka mahali palepale alipopigia magoti. Alikuwa amemzunguka tena, safari hii bila hata kukusudia.

"Bwana Diao!" akaita. "Waondoe watu."

"Niwaondoe wapi?"

"Wapeleke wakale. Meza ziko tayari kwako, si ndiyo? Waanze sasa. Wote. Na zumari waende nazo."

Mzee wa ukoo akapiga fimbo chini. "Wakale kabla ya kuzika? Suqin, una wazimu? Tangu lini?"

Suqin akapiga magoti mbele ya yule mzee, hapohapo kwenye vumbi, mahali palepale pa Changgeng, na watu wakashtuka maana hawakuwahi kumwona akiinama kwa mtu. "Babu, nakuomba kitambo cha bakuli moja la chakula. Moja tu. Saa sita ikifika sijatoka kuwaita, Yushan apasue, na mimi nitanyamaza."

Mzee akamwangalia, akaangalia jua, akaguna. "Bakuli moja," akasema. Watu wakatoka, wanageuka-geuka, Fengying nyuma yao akiwaswaga kama kuku. "Haya, haya, mnatazama nini? Hamjawahi kuona jeneza?"

Ua ulipobaki mtupu, Suqin alikwenda jikoni. Akaanza kusogeza mitungi. Ilikuwa mizito, imejaa, na chini yake sakafu ilikuwa imebakia na duara saba nyeupe. Wa nne ulimteleza, maji ya chumvi yakamrukia mguuni. Akasogeza wote saba. Komeo lilikuwa limeshika kutu, akaligonga kwa mchi wa kinu mpaka likaachia. Akaufungua mlango wazi, ukatazama njia ya nyuma ya mashamba, ile inayotokea kwenye tanuri la matofali. Halafu akarudi penye jeneza, akakaa chini, mgongo wake ukielekea jikoni, akaendelea kuchoma karatasi moja moja ndani ya chungu.

Hakugeuka. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko mitungi.

Akasikia hatua jikoni. Zikasimama. Akasikia mkoba ukiwekwa chini.

"Hapa palikuwa na mitungi," sauti ikasema. "Nimeambiwa."

"Nimeisogeza."

"Watu wako wapi?"

"Wanakula."

Karatasi ikajikunja motoni.

"Nilikukosea, Changgeng," akasema, bado hajageuka. "Sikukuuliza, nilikuhukumu. Sina la kusema linalotosha."

"Nilisikia. Watu kumi na wanne walinipigia simu. Hata wengine siwajui." Akavuta pumzi kwa nguvu. "Alisema nini mwisho?"

"Aliuliza kama umekula."

Hapo ndipo Changgeng alipolia. Alilia kwa sauti, kama mwanamume asiyejua kulia, kwa kukohoa, na Suqin akaendelea kutazama moto mpaka alipomaliza na kuvaa nguo nyeupe aliyoitoa mkobani. Kisha mkono mkubwa wenye mabaka ya uzee ukapita juu ya bega lake.

"Nipe chungu," akasema.

Suqin akakinyanyua kwa mikono miwili, kingali cha moto, akampa. Kisha akatoka langoni kuwaita watu, na walipoingia walimkuta mtoto wa Bibi Luan amesimama kichwani mwa jeneza katika nguo nyeupe, chungu mikononi, kana kwamba hakuwahi kwenda popote. Hakuna aliyemuuliza alipitia wapi. Alikiinua juu na kukibamiza, kikapasuka vipande visivyohesabika, zumari zikalia, na wabebaji wakainua.

Walimzika mlimani kando ya mumewe, chini ya miti ya jozi, mahali alipopachagua mwenyewe.

Changgeng alikaa mpaka siku ya saba ya msiba. Hakusema amesamehe. Suqin hakuomba tena, maana kumwomba mtu mara mbili nako ni kumzunguka. Siku moja tu alimkuta mezani na daftari la baba wazi mbele yake, kidole kwenye zile herufi ndogo za kando na tarehe yake. Alitamani ardhi ipasuke. Changgeng akafunga daftari, akalisogeza upande wa dada yake, akasema, "Una bisibisi?"

Akapanda juu ya kiti, akatengeneza taa ya jikoni. Ilikuwa waya mmoja tu uliolegea.

Asubuhi ya kuondoka, Suqin alikuwa ameacha mlango wa nyuma wazi, njia ya mashamba imefagiliwa. Changgeng akauangalia mlango ule, akaangalia nje, mkoba begani. Kisha akageuka, akavuka ua, akatoka kwa lango la mbele, saa tatu ya asubuhi, njia imejaa watu. Bwana Kang alikuwa juu ya ngazi anafunga mfereji wa Fengying. Akashuka upesi.

"Fundi," akamwita, "unarudi lini?"

"Siku ya kufagia makaburi," Changgeng akasema, akaendelea kutembea.